Deni ya nyumba ilipwe na nyumba, isilipwe na dekonti ya mzee

Ndugu wafanyakazi wa migodi, ba papa na ba mama wa retreti, na ninyi vijana munaofikiri kwamba jambo hili si lenu bado: leo hatusemi juu ya mishahara, wala juu ya kofia na buti za kazi. Tunasema juu ya feza ya mwisho. Ile mutu anapewa siku anarudisha karata yake ku mlango wa kampani, baada ya miaka 25 ao 30 ya vumbi.

Mwaka jana mwenzetu mmoja wa Panda, kule Likasi, alikuja ku biro yetu ya sindika na bahasha mbili. Mu ya kwanza kulikuwa karatasi ya banki: dekonti yake, dola 4,350. Mu ya pili kulikuwa karatasi ya biro moja ya kodi. Walikuwa wanamudai kodi ya feza ya wapangaji na kodi ya lupangu, miaka 7 ya nyuma, pamoja na penalite. Kwa kuhesabu mu dola, ilifika 3,900. Alituambia: "Ba delege, nilikuja paka kubaaga. Kesho ninaenda kulipa yote, nilale muzuri." Mke wake alikuwa amesimama nyuma yake, hakukaa hata tulipomupa kiti. Mama ule njo alisema neno la akili siku ile: "Atalala muzuri, lakini atalala na njala."

Hatukumwachilia aende.

Tunaandika kwa sababu mzee yule si mumoja. Tangu tuanze kuuliza, tumeona kwamba ku Likasi, ku Kolwezi, ku Kipushi, hapa Lubumbashi mu Katuba na mu Kenya, wenzetu wengi wanatoka ku kazi na dekonti mu mukono wa kuume na deni ya kodi mu mukono wa kushoto. Na wengi wanafanya hesabu ile ya haraka: feza iko, deni iko, basi tumalize. Sisi tunasema hesabu ile ni mbaya. Hatusemi kodi isilipwe. Tunasema dekonti si mfuko wake.

Kwanza tupange maneno, juu watu wengi wanachanganya vitu viwili. Dekonti njo ile kampani inakulipa mara moja siku unamaliza: mshahara wa mwisho, konji ambazo haukukamata, na ile feza ya kumaliza kazi kadiri ya mapatano ya wafanyakazi na kampani. Inakuja mara moja, haitarudi tena. Pansioni ni kitu kingine. Inatoka ku CNSS, ile zamani tuliita INSS kabla sheria ya 2016 haijabadilisha mambo. Kila mwezi, ku mshahara wako wanakata 5 kwa mia ya pansioni, na kampani inaongeza 5 yake, tena inalipa peke yake sehemu ya posho za familia na ya ajali za kazi. Ukifika miaka 60, na miezi yako ya kulipiwa ikitosha, unapata feza kidogo kidogo mpaka siku ya kufa, na nyuma yako mjane na yatima wako na haki yao. Miezi isipotosha, wanakupa feza ya mara moja, na basi.

CNSS si likelemba. Hauwezi kwenda kugonga mlango na kusema: nipe sehemu yangu leo, niko na deni. Hakuna mfuko pale wenye jina lako ambao unaweza kufungua mbele ya wakati. Njo maana macho ya kila mutu yanaanguka ku dekonti. Macho ya mudai, macho ya bashemeki, macho ya mchungaji ambaye kanisa lake halina bati, na macho ya mzee mwenyewe.

Lakini katikati ya mshahara wa mwisho na pansioni ya kwanza kuko miezi. Wakati mwingine michache, wakati mwingine mingi, kadiri ya dosie yako ilivyo. Miezi ile, nani atakulisha? Baba zetu wa Union Minière walijua neno posho: unga, samaki, mafuta, ambayo kampani iligawa kila juma ili mutu afike ku kazi na nguvu. Dekonti njo posho ya ile miezi ya katikati. Ukiitoa yote ku biro ya kodi asubuhi moja, umelipa deni ya miaka 7 na umefungua deni nyingine ku duka, ku shule, ku dispansere, na kwa mtu wa banki lamberti ambaye penalite yake haina sheria yoyote.

Tulimuona mwenzetu wa Katuba. Alifanya kazi ku vinu vya kusaga mawe, mutu wa heshima, wa kimya. Alilipa yote siku moja, na siku ya Mungu alisimama mu kanisa kutoa ushuhuda kwamba amefunguliwa. Tulipiga naye makofi, na sisi. Kisha dosie yake ya pansioni ikakwama: kampani moja ambako alifanya kazi zamani haikutangaza miezi yake yote. Ilichukua zaidi ya mwaka kutafuta karatasi, kuleta washuhuda, kurudi tena. Mu wakati ule aliuzisha bati alizonunua juu ya kujenga annexe. Akauzisha friji. Binti yake aliacha masomo akiwa mu mwaka wa tano wa sekondari, na hakurudi. Leo, na miaka yake 62 na kifua chake kile, analinda lupangu ya mtu mwingine usiku. Hana na deni ya kodi hata franka moja. Ni kweli.

Na kuko jambo lingine tunabeba mu moyo. Sisi wengi ambao tuko mu sindika leo ni watoto wa wale wa 2003. Wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka mu ile mpango waliita ya kuondoka kwa mapenzi, na feza ya Banki ya Dunia. Walikuwa wanadai mishahara ya miezi mingi sana, na walipewa feza ya mara moja ili wafunge kitabu. Tulikuwa vijana, tulikuwa mu nyumba, tuliona namna feza ile iliingia na namna ilitoka. Wengine walinunua gari ikafa ku barabara ya Kasumbalesa. Lakini wengi hawakuichezea, wacha watu waseme. Walilipa madeni. Deni ya shule, deni ya duka, deni ya maji, deni ya moto, deni ya mukubwa wa kartie. Walilipa kila mutu, sawa watu wenye haya. Kisha wakakaa chini, na hakukuwa na kitu. Tulikula mara moja kwa siku na baba ambaye hakuwa na deni.

Turudi kwa mzee wa Panda, maana pale njo kuko masomo.

Tulimuomba aketi, tukamuomba mama aketi, na tukafungua ile karatasi ya kodi mstari kwa mstari. Nyumba yake ya mbele anaipangisha dola 150 kwa mwezi, yeye mwenyewe anakaa mu annexe na jamaa. Kwa mwaka, ni dola 1,800. Kodi ya feza ya wapangaji, kwa miaka mingi, ilikuwa 22 kwa mia. Fanya hesabu: dola 396 kwa mwaka. Miaka 7, dola 2,772. Ongeza kodi ya lupangu, ongeza penalite, unafika ku 3,900. Hesabu ilikuwa sawa. Hakuna aliyeiba mu hesabu.

Lakini tulimuuliza swali moja: ile miaka yote, nani alikuwa mpangaji? Akajibu: miaka 4 ya kwanza ilikuwa kampani moja ya usafirishaji, iliweka mule biro yake. Kisha ikaja familia ya mwalimu. Na kampani ile, ilikuwa inakulipa dola 150 nzima? Mzee akafikiri. Hapana. Ilikuwa inaleta 120. Yeye aliona ni kama wamepunguza bei juu ya urafiki, na hakuuliza.

Jameni! Ile dola 30 haikuwa urafiki. Sheria inasema mpangaji ambaye ni kampani anakata sehemu ya kodi mbele ya kumulipa mwenye nyumba, na anaipeleka ku kodi yeye mwenyewe. Kwa miaka mingi kipande hicho kilikuwa 20 kwa mia. 20 kwa mia ya 150 ni dola 30, ile ile. Kwa mwenye nyumba inabaki kulipa paka 2 kwa mia. Mzee wetu alikuwa amelipa dola 360 kwa mwaka bila kujua, miaka 4, dola 1,440, na sasa alikuwa anataka kulipa mara ya pili na feza ya uzee wake.

Kampani ile ilikuwa imehama, imekwenda Kolwezi. Tulikwenda. Kontabli wake, kijana mwenye subira, alitafuta siku mbili na akapata mabordero ya malipo. Kama hangepata, tungelia. Maana karatasi njo inasema, mdomo hausemi kitu ku kodi. Tulirudi, tukaandika barua ya kupinga, tukaweka kopi za mabordero, tukachukua akize ya kupokea barua ile na mhuri na tarehe. Ilichukua miezi 4, na tulirudi mara nyingi, na hatukupewa kahawa. Lakini ile 2,772 ikashuka ku 1,332, na penalite ikashuka pamoja nayo. Karatasi mpya, na kila kitu ndani, ilisimama ku dola 1,870.

Hata hapo mzee alitaka kulipa yote mara moja. Tukamwambia hapana. Tuliomba kwa maandishi alipe kwa vipande, na mukubwa wa biro alikubali. Angeweza kukataa, tunamushukuru. Mzee alitoa 470 ku dekonti siku ya kwanza. Inabaki 1,400. Na hiyo 1,400 inatoka wapi? Inatoka ku nyumba. Mwalimu analipa 150. Mama anaweka 33 pembeni juu ya kodi ya mwaka unaokuja, anapeleka 100 ku deni ya zamani, inabaki 17. Miezi 14, imekwisha. Dola 17 ni kidogo sana, tunajua, ni gunia la unga na makala kidogo. Lakini ku banki kungali dola 3,880. Wakikula 250 kwa mwezi, iko miezi 15 ya maisha. Kama angelipa yote siku ile ya bahasha mbili, ingebaki 450. Hata miezi miwili haitoshi.

Hii njo kitu tunataka kila mutu ashike. Deni ya kodi ya wapangaji imezaliwa na nyumba, na nyumba ingali inazaa. Acha nyumba ilipe deni yake. Dekonti imezaliwa na mapafu yako, na mapafu hayazai tena.

Wengine watasema: na mutu ambaye hapangishi? Anakaa paka mu nyumba yake mwenyewe, ile alinunua mu cité ya kampani, na wanamudai kodi ya lupangu? Ni kweli, nyumba ile haileti kitu. Lakini someni sheria. Ile Ordonnance-loi 69-006 ya tarehe 10 Februari 1969, ni ya zamani kuliko wengi wetu, iko ndani na mlango kwa wazee na wajane wanaokaa wenyewe mu nyumba yao kubwa na ambao mapato yao ni madogo. Wanaweza kusamehewa kodi ya lupangu. Kuko masharti, na haiji yenyewe: lazima utangaze, lazima uombe, lazima uleteshe karatasi. Ni wajane wangapi wa wafanyakazi mu Kikula na mu Ruashi wanajua mlango ule? Tuliuliza mu mkutano mmoja wa ba mama, walikuwa zaidi ya 40. Hakuna hata mumoja aliyenyanyua mukono.

Kuko na deni nyingine ambayo si yako hata kidogo, na watu wanailipa juu ya woga. Ile kodi ya mshahara, IPR. Kampani njo inaikata ku mshahara na kampani njo inaipeleka. Kama kampani ilikata na haikupeleka, mudaiwa ni kampani. Mfanyakazi aonyeshe karatasi za mshahara ambako wamekata, na basi. Tulimuona mwenzetu mmoja, mutu wa karyeri, miaka 28 ku gari kubwa za kubeba mawe, ambaye mtu fulani alimufikia nyumbani wiki ya dekonti na kumwambia kwamba "mu ordinatere" anadaiwa IPR ya miaka mitano. Alimupa dola 300 mukononi, na mtu yule alienda. Risiti? Mpaka leo.

Basi hapa tuseme kwa sauti. Kodi hailipwe mukononi. Hailipwe mu bare, hailipwe ku mlango wa lupangu, hailipwe kwa mtu ambaye ni "shemeki wa mukubwa". Mbele ya kulipa unapata karatasi ya kudai yenye jina lako, mwaka, aina ya kodi na hesabu. Unalipa ku banki, na unatunza bordero. Na wiki ile dekonti inaingia, usipokee mtu wa kodi nyumbani peke yako. Mwambie vizuri, na heshima: mukubwa, acha barua, tutakuja ku biro pamoja na delege. Mwenye kazi ya kweli hataogopa. Yule mwingine hatarudi.

Tena usiifiche karatasi chini ya matela. Hiyo njo kosa letu kubwa, sisi watu wa migodi. Tunaogopa karatasi kuliko mwamba. Ile AMR, ile barua ya kudai, iko na siku zake za kupinga. Siku zikipita, deni ambayo haikuwa ya kweli inakuwa ya kweli. Biro ya kodi inaweza hata kuandikia banki yako ama mpangaji wako ili feza iende kwao moja kwa moja. Ukifika siku ile, hakuna tena kuomba vipande. Uliza pia miaka wanayokudai kama yote ingali mu muda ambao sheria inawaruhusu kurudi nyuma. Swali hilo si matusi.

Sasa, tunasikia sauti ya upande mwingine, na tunaiheshimu. Iko na watu mu sindika yenyewe ambao walituambia: munafundisha watu kukwepa. Barabara zinavunjika, shule hazina madawati, na ninyi munasaidia mwenye nyumba wa dola 150 kulipa polepole, wakati mwenye nyumba wa kweli, mwenye majumba ya gorofa, halipi kitu. Tuwajibu hivi. Kodi hizi, ya lupangu, ya wapangaji, ya magari, Katiba ya 2006 mu article 204 iliziacha mu mikono ya majimbo. Ni feza ya hapa kwetu. Tukizilipa, tuko na haki ya kuuliza madawati hapa kwetu, bila kungojea Kinshasa. Sisi tunataka zilipwe, na zilipwe kila mwaka, mbele ya tarehe 1 Februari ambayo njo siku ya kutangaza. Mzee anayelipa dola 33 kwa mwezi miaka yote iliyobaki analeta ku jimbo zaidi kuliko mzee aliyelipa 3,900 mara moja, akauzisha nyumba mwaka unaofuata juu ya njaa, na kuwa mzigo. Na wenye majumba ya gorofa, tuko nyuma yenu. Biro za kodi zikianza kwenu, hatutalia.

Lakini tusiwaonyeshe wengine kidole bila kujionyesha sisi wenyewe. Kwa miaka 10 tuliyokuwa ku meza ya majadiliano na wenye kampani, tulipigania dekonti iwe kubwa. Siku 3, siku 4, bila kulala, juu ya mwezi mmoja zaidi wa kumaliza kazi. Tulishinda mara nyingine, tukaimba. Hatukuuliza hata siku moja: mutu huyu akishapata, itakaa naye wiki ngapi? Hatukufundisha mutu yeyote kodi ya wapangaji ni nini. Na tuseme kweli yote: tulipofungua karatasi za mzee wa Panda, delege wawili kati yetu walitazamana, maana na wao wanapangisha annexe na hawajatangaza kitu tangu wajenge. Mumoja amesha kwenda kutangaza. Mwingine tunamusukuma.

Mu majadiliano yanayokuja tutaweka mambo matatu ku meza, na tunayasema hapa ili wasiseme hawakusikia. Mfanyakazi akifika miaka 57, kampani imupe karatasi ya miezi yake yote ya CNSS, ili kama kuko shimo, atafute akiwa angali na mshahara, si wakati analinda lupangu za watu. Dekonti isilipwe siku moja yote kama mutu mwenyewe anaomba iingie mu vipande ku banki yake, kila mwezi, mpaka pansioni inaanza. Wanne walituomba hivyo mwaka jana na walijibiwa kwamba haiwezekani, bila sababu. Na kila kampani inayopanga nyumba ya mutu mu miji yetu imupe mwenye nyumba, kila mwisho wa mwaka, karatasi ya kile ilikata na kopi ya bordero. Haimugharimu kitu. Kwa mzee wetu ilikuwa na bei ya dola 1,440.

Kwa biro za kodi za majimbo, tunaomba kitu kimoja tu: mzee wa retreti ambaye pansioni yake haijaanza, na ambaye amekuja mwenyewe bila kukamatwa, apewe vipande bila kubembeleza na bila kutegemea kama mukubwa ameamka vizuri. Iandikwe ku mlango. Tuko tayari kuja nao, kuhesabu nao, na kuleta wenzetu ambao hawajatangaza bado.

Mzee wa Panda amebakiza vipande 6. Mama njo anashika daftari, si yeye. Kila tarehe 5 anapita ku biro yetu kutuonyesha bordero, hata hatujamuomba. Wenye kuwa na bahasha ya pili kama yake, biro yetu inafunguka siku ya nne kuanzia saa tisa, wakati ekipe ya asubuhi inatoka. Kujeni na karatasi zote, hata zile zililowa mvua. Na kujeni mbele ya kupita ku banki.